Punje Mbili za Kahawa: Urafiki, Magendo na Utiifu Uliogawanyika Karagwe

Mwishoni mwa muhula uliopita niliwaonesha wanafunzi wangu wa historia filamu ya Kikenya iitwayo Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutoka mwaka 2012. Wengi wenu mnaijua. Mwas, kijana wa kijijini anayeota kuwa mwigizaji, anafika Nairobi, anaporwa, anaishia mahabusu, na humo anakutana na Oti, ambaye baadaye anamwingiza katika genge la wezi wa vipuri vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku anaiba. Waliompa urafiki ni wahalifu. Askari waliopaswa kumlinda wanakula na wahalifu hao hao, mpaka siku wanapoamua kuwaua. Taa zilipowashwa, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Dokta, sasa hapa msaliti ni nani?"

Sikumjibu siku ile. Swali lake nililibeba hadi nyumbani kwetu Kanoni, wilayani Karagwe, nilipokwenda likizo. Huko hakuna aliyewahi kupiga filamu ya namna hiyo, lakini kisa chake tunacho. Ni kisa cha urafiki, cha uhalifu na cha mtu anayedaiwa utiifu na pande mbili kwa wakati mmoja. Badala ya vipuri vya magari, kwetu kuna kahawa. Nataka kukieleza kisa hicho kama historia, kwa sababu naamini mjadala wetu wa magendo ya kahawa mkoani Kagera umekuwa ukianzia mahali pasipo sahihi. Tunaanza kwa kuuliza nani mzalendo na nani msaliti. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: nani aliyewaweka watu hawa katika hali ya kulazimika kuchagua?

Kahawa ilikuwa alama ya uaminifu kabla haijawa bidhaa ya kuuzwa Ulaya. Kwa Wahaya, Wanyambo, Waganda na majirani zao wa eneo la Maziwa Makuu, watu wawili waliotaka kuwa ndugu bila kuzaliwa na mama mmoja walifanya agano la damu, omukago. Walichukua tunda la kahawa, ambalo ndani yake mna punje mbili zilizolaliana. Kila mmoja alichanjwa tumboni, akaipaka punje yake damu, kisha akammezesha mwenzake. Tangu hapo mlango wa mmoja ulikuwa mlango wa mwingine. Aliyelivunja agano aliaminiwa kuwa ile punje ingemgeukia tumboni. Watu hawakuichagua kahawa kwa bahati tu: tunda lenyewe ni ndugu wawili katika ganda moja. Hata leo, mgeni anayeingia katika nyumba ya wazee huletewa akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, aitafune kabla ya mazungumzo kuanza.

Agano la namna hii lilikuwa na kazi ya kisiasa pia, kwa kuwa ndugu wa kuzaliwa hawakuwa dhamana ya kutosha. Speke na Grant walipofika Karagwe Novemba 1861, walimkuta Mukama Rumanika akiwa bado na mgogoro wa kiti na ndugu yake, Rogero. Kwa mujibu wa simulizi aliyoiandika Speke, aliyemwokoa Rumanika katika vita hivyo hakuwa mtu wa ukoo wake. Alikuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya Surat aliyeishi Kazeh, yaani Tabora ya leo, ambaye alimshawishi Kabaka Suna wa Buganda kwa zawadi ili atume jeshi. Ndugu wa damu alikuwa adui, na mfanyabiashara wa mbali akawa mwokozi. Tunaposema kwamba watu wa mpakani "wana roho mbili", tukumbuke kwamba Karagwe iliishi kwa mahusiano ya nje karne nzima kabla ya kuwepo mpaka wowote kwenye ramani.

Mpaka ulikuja kwa mikataba. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na mto Kagera nao ukaja kuwa mpaka wa Karagwe upande wa Uganda na wa Rwanda. Mto ambao watu waliuvuka kwa mtumbwi kwenda kuoa na kuzika ukawa ukingo wa dola. Wakati huo huo kahawa ilikuwa ikibadilika. Chini ya wakama ilipandwa kwa ruhusa na kwa heshima. Chini ya wakoloni ikawa zao la kodi na la mauzo. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walikataa kwa ghasia kanuni za serikali za namna ya kuitunza mibuni yao. Mwaka 1950 kiliundwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, na kwa muda mkulima akawa na chombo alichoweza kukiita chake. Serikali huru ilivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na ununuzi ukahamia kwa mamlaka ya zao.

Wakati wa kuvifuta ulikuwa mbaya kuliko yote. Julai 1975 jalidi iliunguza mashamba ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda mpaka kuvuka dola 3 kwa ratili moja mwaka 1977. Kahawa ikawa dhahabu. Nchini Uganda, Idi Amin alikuwa ameunda mwaka 1975 mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi yenye uwezo wa kutoa adhabu ya kifo. Haikusaidia. Kahawa ya Uganda ilipita kwa magunia usiku na mchana kuingia Kenya kupitia Chepkube, soko dogo chini ya Mlima Elgon, na kijiji hicho kikajulikana Afrika Mashariki nzima. Serikali iliyokuwa ikiua watu kwa urahisi kuliko serikali nyingine yoyote ya ukanda huu ilishindwa kuizuia kahawa kwenda kwenye bei. Kila mtunga sera anapaswa kulikumbuka jambo hilo kabla ya kuagiza kizuizi kipya barabarani.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Watu wa Kagera waliyatoa maisha yao na mali zao katika vita hiyo; hakuna mwenye haki ya kuwafundisha uzalendo. Lakini baada ya ushindi tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi 18 ikawa miaka. Sabuni, sukari, chumvi na nguo vilitoweka madukani. Aliyekuwa na kahawa alilipwa kwa fedha isiyokuwa na cha kununua. Ng'ambo ya mto, gunia lile lile liliweza kugeuka shuka, betri na sabuni usiku mmoja.

Machi 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria iliyotungwa mwaka huo iliwanyima watuhumiwa dhamana na uwakilishi wa wakili. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa walanguzi wakubwa, na wananchi wengi waliishangilia. Vijijini, hata hivyo, utekelezaji wake ulipita mikononi mwa watu wadogo, akiwamo balozi wa nyumba kumi. Balozi ndiye aliyejua nani ana nini uvunguni.

Babu yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi Kanoni.

Katika nyumba zake kumi alikuwamo mzee ambaye walikuwa wamefanya naye omukago ujanani, katika miaka ya mwanzo ya ushirika. Jina lake nalihifadhi. Mzee huyo alikuwa na magunia mawili ya kahawa aliyokuwa akingoja kuyavusha. Babu alijua, kwa sababu aliambiwa na mwenyewe. Rafiki hamfichi rafiki wa agano. Siku kikosi kilipofika na kuitisha orodha, babu aliulizwa mbele ya watu kama kuna kahawa iliyofichwa katika nyumba zake. Alikaa kimya kidogo, kisha akainyooshea kidole nyumba ya rafiki yake. Rafiki alikaa mahabusu bila dhamana na bila hukumu, na alirudi mwaka 1984, baada ya sheria ile kubadilishwa kwa nyingine iliyolegeza masharti. Katika miaka 15 iliyofuata hawakuzungumza tena, ingawa walichota maji katika chemchemi moja.

Babu alipofariki nilikuwa kijana wa sekondari. Yule mzee alikuja msibani. Aliketi pembeni kabisa, karibu na migomba. Mimi ndiye niliyekuwa nikizungusha akamwani. Alichukua punje mbili, akazitazama, akazitia mfukoni bila kuzitafuna. Sikuelewa siku ile. Bibi ndiye aliyenieleza baadaye kisa chote, na alimaliza kwa kusema: "Babu yako hakuwa mtu mbaya. Aliogopa."

Naomba nisieleweke vibaya. Sitetei magendo. Kahawa inayovuka mto haiachi ushuru wa kujenga darasa, haiachi takwimu za kuombea mkopo, na inakiacha chama cha ushirika na deni la pembejeo zilizokopeshwa kwa wakulima. Wanaonufaika zaidi si wabebaji wa usiku. Ni wenye malori na wenye simu za kupigia vizuizini. Kama katika ile filamu, polisi na mwizi mkubwa hukaa meza moja, na anayekamatwa ni mpanda baiskeli. Ninachosema ni kwamba dola iliyomdai babu yangu utiifu haikuwa imetimiza upande wake wa agano. Ilimtaka mkulima aiuzie kwa bei yake, kwa wakati wake, kwa fedha isiyonunua kitu, kisha ikamwita mhujumu alipotafuta sabuni. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Hawakusema ni nani aliyezichora njia hizo.

Baada ya hapo mambo yaligeuka mara kadhaa. Uganda iliufuta ukiritimba wa bodi yake ya ununuzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nasi tukaruhusu wanunuzi binafsi muda mfupi baadaye. Karagwe ilikuwa imepata chama kikuu chake, KDCU, mwaka 1990. Msimu wa 2018 serikali iliagiza tena kahawa yote ipite katika vyama vya msingi vya ushirika. Muda wote huo kuliendelea pia butura: mkulima mwenye shida ya ada au ya mgonjwa huiuza kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu ambaye mara nyingi ni jirani au rafiki. Butura imepigwa marufuku na viongozi wengi, nayo haijakoma, kwa kuwa marufuku hailipi ada. Huu nao ni usaliti wa urafiki, lakini hautajwi katika hotuba za uzalendo.

Katika miaka ya karibuni tumeona jambo lenye mafunzo. Kahawa imeanza kuuzwa kwa mnada karibu na mkulima, na bei ya robusta duniani ilivunja rekodi mwaka 2024. Nilipokuwa Kanoni nilimuuliza kijana mmoja mwenye pikipiki kama bado wanavusha. Alicheka, akasema: "Nivushe ili iweje, mwalimu? Bei iko hapa hapa." Sijengi nadharia juu ya kijana mmoja, na bei za dunia hupanda na kushuka. Lakini jibu lake linaafikiana na Chepkube. Kahawa hufuata bei kama maji yafuatavyo mteremko, na risasi haijawahi kugeuza mteremko.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa: bei itakaposhuka tena, na itashuka, msikimbilie kwanza vizuizi na orodha. Angalieni makato, angalieni siku ambazo mkulima anasubiri malipo, angalieni nani anamkopesha Januari. Kwa wanaharakati: mnapodai haki za watuhumiwa, kumbukeni kwamba mwaka 1983 sheria iliyonyima dhamana ilishangiliwa mitaani. Na kwa wanafunzi wangu: nendeni mkawarekodi wazee wenu, waliovusha na waliozuia, kabla hawajaondoka.

Sasa naweza kulijibu swali la mwanafunzi wangu. Babu yangu alimsaliti rafiki yake. Hilo ni kweli na sitalifunika kwa uchumi. Lakini alisimamishwa mbele ya watu na kuulizwa swali ambalo dola yenye haki isingemuuliza. Yule mzee naye amekwisha kufariki. Wajukuu wake na sisi hatualikani harusini hadi leo. Likizo ijayo nitakwenda kwao, nibishe hodi, na nitabeba akamwani.