Shaba ya Katanga na Neno "Kugundua"

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 jimbo la kusini-mashariki mwa Kongo, Katanga, lilibeba rasmi jina la Shaba. Msomaji wa pwani aliyeliona jina hilo katika ramani za miaka ile alikuwa na haki ya kuuliza: neno letu limefikaje huko, mbali na bahari kiasi hicho? Jibu limo katika jiwe la kijani, na limo pia katika neno jingine ambalo vitabu vya uchimbaji hulitumia kwa wepesi mno, nalo ni kugundua.

Tuanze na jiwe. Miamba yenye shaba ya Katanga ni mashapo, yaani mchanga, matope na chokaa, yaliyotuama katika bonde la ufa lililoingiliwa na maji ya bahari zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita. Maji ya chumvi yaliyopenya katika mashapo hayo yaliibeba shaba, kisha yakaiacha katika tabaka maalumu, ambako ilishikamana na salfa. Baadaye sana, yapata miaka milioni 550 hadi 500 iliyopita, ardhi ilibanwa. Tabaka zile zikakunjwa, zikavunjika, zikasukumwa juu katika upinde mrefu unaoanzia Katanga hadi kaskazini mwa Zambia. Pale mvua na hewa zilipolifikia jiwe, salfa ilitoweka kidogo kidogo na shaba ikageuka malakaiti, jiwe la kijani kibichi linaloonekana kwa macho bila ya kuchimba.

Alama ya pili ni ya mimea. Shaba ikizidi udongoni huwa sumu kwa miti. Kwa hiyo katikati ya msitu wa miombo husimama vilima vipara, vyenye nyasi na maua madogo yaliyozoea sumu hiyo. Anayeijua nchi akiona kilima kisicho na mti hujua kilicho chini yake.

Wenyeji walizisoma alama hizo zamani sana. Huko Kansanshi, ambako leo ni Zambia, shaba ilikuwa ikiyeyushwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Katika makaburi ya Sanga, kando ya maziwa ya Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi mwaka 1957 na 1958 waliwakuta wafu wamezikwa na vito vya shaba, na baadhi yao na misalaba midogo ya shaba. Misalaba hiyo haikuwa ya dini. Ilikuwa mali na, katika zama zake, fedha ya kununulia.

Kuyeyusha kulikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno. Malakaiti ilichambuliwa, makaa yakachomwa, tanuri likajengwa kwa udongo wa kichuguu, na mivukuto ikapuliza hadi shaba ikatiririka. Mafundi walikuwa chama chenye miiko na siri zake, na kazi yao iliitwa "kula shaba". Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926. Sisi tunaosema mtu "amekula faida" hatuhitaji kufafanuliwa usemi huo.

Habari za shaba zilisafiri kwa miguu. Kalasa, mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo, aliifuata hadi Katanga, na mwanawe Ngelengwa akafuata njia ya baba yake. Yapata mwaka 1856 alihamia huko moja kwa moja, akajijengea dola, akajulikana kwa jina la Msiri. Kutoka mji wake wa Bunkeya shaba na pembe zilitoka kuelekea bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Bunduki na baruti zikarudi. Watu nao waliuzwa katika njia hizo hizo, na si haki kuitaja shaba tukawaficha wao.

Hapa ndipo pwani inapoingia kwa namna isiyotupa fahari. Mwaka 1891 Kapteni William Stairs, akimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliondoka Bagamoyo na msafara wa mamia ya wapagazi na askari, wengi wao walioandikwa Zanzibar. Tarehe 20 Desemba mwaka huo, Msiri alipokataa kuisalimu bendera ya Leopold, ofisa Omer Bodson alimpiga risasi akamuua, naye Bodson akajeruhiwa vibaya, akafa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ile mwenyeji hakupona, na mizigo ya mgeni ilikuwa vichwani mwa watu wa kwetu.

Mwezi mmoja baadaye aliwasili Bunkeya mwanajiolojia Jules Cornet. Kazi yake ilikuwa kubwa: alizipanga tabaka, akazipa mahali katika elimu. Lakini bila ya reli utajiri ule haukuweza kuondoka. Robert Williams, aliyeanzisha kampuni ya Tanganyika Concessions mwaka 1899, alimtuma George Grey atafute zaidi, na watu wa Grey walipofika walikuta mashimo ya kale. Mashimo hayo ndiyo yaliyokuwa ramani yao. Mahali palipoitwa Kalukuluku pakapewa jina la Kifaransa, "Nyota ya Kongo". Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri la kisasa likatoa shaba yake ya kwanza.

Kiswahili kilikuwa kimetangulia na misafara. Sasa kampuni na wamisionari wakakieneza makambini, kati ya wafanyakazi waliotoka nchi na lugha mbalimbali. Ndiyo maana Lubumbashi husema Kiswahili hadi leo, kwa lafudhi na sarufi yake yenyewe. Jimbo lilipopewa jina la Shaba, basi, halikuazima neno geni: lilichukua neno lililokwisha kuwa la watu wake.

Kwa hiyo na tuyapime maneno. Cornet alichunguza, na heshima hiyo ni yake. Williams alisajili, na mwenye kusajili ndiye aliyepata mali. Ama kugundua, ni kazi ya yule aliyepita chini ya kilima kipara, akaokota jiwe la kijani, akalitia motoni kuona litakuwa nini. Jina lake halikuandikwa popote, lakini shimo lake ndilo waliloliendea wote waliokuja baada yake.