Malaria ya nyanda za juu za Afrika Mashariki

Malaria ya nyanda za juu ni malaria inayozuka kwa mlipuko katika sehemu za milimani, hasa zilizo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari: Kericho, Nandi na Kisii nchini Kenya, Kabale nchini Uganda, na vilima vya Rwanda na Burundi. Kandokando ya Ziwa Viktoria na mwambaoni ugonjwa huwapo miaka yote, na watu wazima hujijengea kinga. Milimani kinga hiyo ni haba, hivyo malaria ikipanda huwalaza wakubwa kwa wadogo.

Kinachoizuia ni baridi. Mbu jike wa Anofelesi aliyenyonya damu ya mgonjwa haambukizi papo hapo; vimelea hukua kwanza tumboni mwake, ndipo vihamie kwenye tezi za mate. Kwa vimelea vya Plasmodiamu falsiparamu, kazi hiyo huchukua siku 12 hivi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na karibu siku 28 kwenye nyuzi 20. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 16, ukuaji huo husimama. Mbu wengi hufa kabla ya siku 28. Kwa hiyo ongezeko la nusu nyuzi tu, ambalo mchuma chai wa Kericho hata halihisi, huongeza idadi ya mbu wanaowahi kuambukiza.

Je, ongezeko la joto ndilo lililorudisha malaria milimani tangu miaka ya 1980? Wataalamu walivutana sana. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walisema hali ya hewa haikuwa imebadilika vya kutosha. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake, kwa takwimu zilizosasishwa, waliona joto likipanda. Malaria ilipokuwa ikirudi, dawa ya klorokwini nayo ilikuwa imeanza kushindwa kuitibu, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mvua za El Niño za 1997 nazo zilifuatwa na mlipuko mkubwa Kabale mwanzoni mwa 1998.

Hukohuko Kabale, wakulima walikuwa wamekausha mabwawa ya mafunjo ili walime. Mafunjo hutia maji kivuli. Yakifyekwa, jua hupiga kwenye mitaro na madimbwi, maji hupata joto na viluwiluwi vya mbu hukomaa upesi. Baadaye dawa mseto, vyandarua na upuliziaji wa majumbani vilipunguza wagonjwa milimani, ingawa joto lenyewe halikushuka.