Njia ya Pembe, Njia ya Watalii

Ukipita mjini Arusha karibu na Mnara wa Saa, ukaingia Barabara ya Boma au Goliondoi, utakuta ofisi za safari zimepangana kama vibanda vya mitumba. Ingia yoyote, uliza mgeni anapangiwa nini. Utajibiwa bila mtu kufungua daftari: Tarangire siku moja, Manyara moja, Ngorongoro moja, Serengeti mbili au tatu, kisha ndege mpaka Unguja kwa siku nne za kulala mchangani. Mbuga kwanza, pwani baadaye. Mtu ale vumbi, halafu akaoge bahari.

Ratiba hii tumeizoea mno, hata tunaona ni jambo la asili, ati simba na bahari viliumbwa viuzwe pamoja kama chai na maandazi. Sivyo. Njia itokayo chini ya Meru hadi Unguja ina historia ndefu, na tangu mwanzo kilichoifungua ni wanyama. Swali ambalo sisi vijana wa hapa hatujiulizi ni hili: katika njia hiyo, nani alikuwa msafiri, na nani alikuwa mchukuzi?

Tuanze na karne ya 19. Wakati huo Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika Afrika Mashariki. Misafara ilitoka Pangani, ikafuata mto kwenda bara, ikapumzika na kununua chakula Arusha Chini, kusini ya Moshi, kabla ya kuingia Umasaini. Ikirudi, pembe zilibebwa mabegani hadi pwani, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Kutoka hapo zilivuka bahari mpaka Marekani na Ulaya, zikawa vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kwa miguu, majuma kwa majuma. Mwaka 1898 aliuawa ndovu mmoja katika miteremko ya Kilimanjaro ambaye kila pembe yake ilikuwa na uzito wa kama kilo 100. Pembe hizo ziliuzwa Unguja, na leo ziko London katika Makumbusho ya Historia ya Asili. Wanaozitazama husoma uzito wake. Waliozibeba hawana majina.

Kumbe basi, "mbuga na kisiwa" ni biashara ya zamani. Kilichobadilika ni mzigo.

Wajerumani walipofika walitaka ardhi pamoja na pembe. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa huko Akeri, Umeru, na adhabu iliyofuata ilikuwa kali: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Boma la Arusha likajengwa mwaka 1900, kwa nguvu za watu walewale walioshindwa vitani. Mashamba ya walowezi yakauzunguka mlima. Waingereza waliokuja baadaye waliendelea na mtindo huohuo, mpaka Novemba 1951, ambapo Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili walowezi wapate nafasi ya kufuga. Nyumba zilitiwa moto. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na mwanasheria Earle Seaton. Mtoto wa Meru akasimama mbele ya mataifa kudai shamba la baba zake! Hiyo nayo ilikuwa safari, tena bila mzigo wa mtu mwingine kichwani.

Nayataja haya kwa sababu Ngare Nanyuki iko mlangoni kwa Momella, na Momella leo ni sehemu ya hifadhi. Mwaka 1960 ilitangazwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Ilipofika 1967 ilikuwa imepanuliwa kuchukua maziwa ya Momella na sehemu ya Mlima Meru, ikapewa jina la Arusha. Wakati huohuo dunia ilianza kutuona kwenye sinema. Hatari!, iliyopigwa picha huku kwetu na kutoka mwaka 1962, ilimwonyesha John Wayne akiwakamata vifaru na twiga. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, alipendezwa na Momella mpaka akanunua shamba. Jina la sinema ni la Kiswahili, ila wenye Kiswahili wanaonekana pembeni tu.

Sasa, pwani iliingiaje katika ratiba? Waliotangulia ni Kenya. Wao Tsavo yao iko njiani kabisa kati ya Nairobi na Mombasa, kwa hiyo kumtoa mgeni kwenye tembo na kumpeleka baharini haikuwa kazi ngumu. Hata Serengeti na Ngorongoro zetu zilikuwa zikiuzwa Nairobi: mgeni analala Nairobi, anavuka Namanga, anatazama simba wetu, anarudi Nairobi kulipa bili. Serikali ikajenga Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ili mgeni ashukie huku. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, mpaka ulifungwa na magari ya watalii kutoka Kenya yakazuiliwa. Tulidhani wageni watakuja moja kwa moja. Hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Vita vya Kagera vikafuata, na uhaba wa kila kitu, kuanzia sabuni mpaka petroli. Mpaka ulifunguliwa tena 1983.

Unguja nayo ilikuwa na mambo yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 haikuwa na haraka ya kukaribisha walala mchangani. Milango ilianza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, karafuu ilipokuwa imeshuka bei na visiwa vinatafuta fedha za kigeni. Hoteli zikaota Nungwi, Paje na Jambiani. Hapo ndipo Arusha yenye wanyama ilipokutana na kisiwa chenye ufukwe, na ile njia ya pembe ikafufuka, safari hii kwa ndege ndogo.

Na sisi? Neno mpagazi halijafa. Nenda Kilimanjaro au Meru umkute kijana anapandisha hema, jiko na viti vya wageni. Kanuni za Kilimanjaro zinasema mzigo wa mgeni usizidi kilo 20, nafuu kuliko karne ile. Mwingine anaendesha gari, mwingine anapika, mwingine anakimbiza wageni stendi, na Unguja mwenzake anaitwa papasi. Ni kazi halali, inasomesha watoto, wala sidharau. Ila wangapi kati yetu wamewahi kuingia Ngurdoto kama wageni? Mtoto wa Ngare Nanyuki anawaona twiga kwa mbali tangu anyonye, lakini heroe wa Momella anawajua kwa kalenda ya ukutani. Tunaambiana utalii ni mambo ya Wazungu, na likizo ni kwenda kwa bibi kula loshoro.

Hebu tupange ratiba yetu. Kiingilio cha mwananchi ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni wa nje. Siku ya kwanza Ngurdoto na Momella, tuwaone mbega weusi kwa weupe, na mzee wa Umeru atueleze mwaka 1951 kwa kinywa chake au kwa alivyosimuliwa. Kisha basi la alfajiri: Moshi, Same, Korogwe, Dar es Salaam. Kisha boti. Unguja twende Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Twende Jozani tumwone kima punju, binamu wa mbega wetu, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, na tuwasikilize wakulima ambao mazao yao huliwa na kima huyo. Twende Paje maji yakitoka, tuwakute akina mama kwenye mashamba ya mwani, kilimo walichoanza mwaka 1989 katika pwani hiyohiyo inayotangazwa kwamba ni tupu.

Tofauti yetu na mgeni haitakuwa pesa tu. Yeye huuliza simba yuko wapi. Sisi tutauliza pia nani alikuwa akiishi hapa, alikwenda wapi, na nani alibeba mizigo. Maswali hayo yanahitaji mtu aliyefika kwa miguu yake mwenyewe, mikono mitupu, akiwa na muda wa kukaa na wazee. Tembea uone, walisema wahenga, na hawakusema imwhusu mwenye pasipoti ya kigeni peke yake.