Muziki wa Soul Kati ya Ziwa na Pwani: Bendi ya Sunburst, 1970–1976

Katika historia ya muziki wa Kongo, kanda ya mashariki aghalabu hutazamwa kama ukingo wa Kinshasa. Rumba na Lingala hupewa kitovu. Uvira, Fizi na Kalemie huachwa pembeni. Ramani, hata hivyo, yasema vingine. Kwa mstari ulionyooka, Uvira iko karibu na Dar es Salaam kuliko ilivyo karibu na Kinshasa, na tofauti yake yapita kilomita 300. Tangu Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, meli za Ziwa Tanganyika na gari moshi zimeuunganisha mwambao huu na Bahari ya Hindi. Makala haya yanaitazama Dar es Salaam kutoka ziwani, na kuchunguza bendi moja ya soul iliyowakutanisha Watanzania na Wakongo. Swali letu ni moja: nani ana haki ya kuuita muziki, au lugha, kuwa ya kigeni?

Swali hilo lilikuwa zito katika Tanzania ya miaka ya 1960. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni ili kurejesha heshima ya sanaa ambazo ukoloni ulizidharau. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969 na kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Kisha Novemba 1969 Mustafa Songambele, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, alipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Mjadala mkali ukazuka magazetini. Waliounga mkono amri hiyo waliona katika soul uigaji wa Marekani na upotofu wa maadili. Wapinzani wao wakauliza: muziki wa watu weusi wa Marekani, waliokuwa wakipigania haki zao, wawezaje kuhesabiwa pamoja na utamaduni wa mkoloni?

Sunburst ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, yaani mara tu baada ya mjadala huo. Miongoni mwa wanamuziki wake walikuwamo James Mpungo, Kassim Magati, Bashir Idi Farhan na Hembi Flory Kongo, huyu wa mwisho akiwa Mkongo. Bendi ilijipatia wapenzi katika kumbi za starehe za jiji kwa kupiga soul na funk, ikachanganya humo midundo ya ngoma za nyumbani na kuimba kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Kuanzia mwaka 1973 ilitoa santuri, na mwaka 1976, ikiwa Zambia, ikatoa albamu yake, Ave Africa. Majina ya nyimbo zake yanatosha kuonyesha dira yake: mmoja waitwa “Black Is Beautiful”, mwingine “Enzi za Utumwani”.

Inafaa kulinganisha hali hiyo na ile ya ng’ambo ya pili ya ziwa. Mwaka 1971 Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire na kutangaza siasa ya uasilia. Mwaka uliofuata raia walitakiwa kuyaacha majina yao ya Kikristo. Lakini mnamo tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, Kinshasa ilifanya tamasha kubwa ambamo James Brown na B. B. King walipanda jukwaani pamoja na Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba. Hivyo serikali mbili, zote zikisema kwa jina la Uafrika, ziliutolea muziki ule ule hukumu zinazopingana. Ni dhahiri kwamba kipimo cha “asili” kilikuwa mikononi mwa wakubwa, nao walikitumia kwa haja zao.

Kwa msomaji wa Uvira, jina la “Enzi za Utumwani” lina uzito wa pekee. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858 wakitokea Ujiji, waliikuta tayari ni kituo cha kaskazini cha biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Misafara hiyo hiyo ndiyo iliyokileta Kiswahili mwambaoni humu, kabla ya utawala wa kikoloni, shule na makanisa kukieneza zaidi. Soul nayo ni tunda la wazao wa Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa minyororo. Muziki huu na lugha hii vyote viwili vimepitia jeraha la utumwa, na vyote viwili vilifanywa mali ya watu na wale waliovitumia kusema yaliyo yao.

Hapa ndipo tunapopata funzo. Kama chimbuko peke yake ndilo lingekuwa kipimo, Kiswahili cha Uvira kingebaki mgeni daima: huku kikihesabiwa kuwa lugha ya waliokuja, kule pwani kikichekwa kwamba ni kibovu. Wasanii wa Sunburst hawakusubiri hukumu ya namna hiyo. Waliuchukua muziki uliotoka mbali, wakautia lugha na midundo ya nyumbani. Hatuna budi kukubali kwamba hofu ya viongozi wa 1969 ilikuwa na msingi, maana taifa changa lilihitaji kujithamini. Walichokosea ni kudhani kwamba thamani hiyo hulindwa kwa kufunga mlango.

Jambo moja lasikitisha. Rekodi za Sunburst za mwaka 1973 hadi 1976 zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya Strut ya Uingereza, wala si na taasisi ya Afrika Mashariki au Kongo. Nyimbo za kumbi za Uvira, Baraka na Kalemie za miaka hiyo hiyo zinastahili kukusanywa na wanafunzi wetu wenyewe, wangali hai wazee waliozicheza, na maneno yake yaandikwe kama yalivyoimbwa, pasipo kusahihishwa kwa Kiswahili cha vitabuni.