Si Mvivu Huyu: Historia Fupi ya Vijana Waliotaabika Kusoma



Hapana shule isiyokuwa na kijana wa namna hii: akiulizwa kwa mdomo hujibu barabara, lakini akipewa kitabu asome mbele ya wenziwe hukwama, huruka mistari, na neno alilolisoma jana leo huliona geni. Zamani jawabu lilikuwa moja tu: mvivu huyu. Yafaa tujue jawabu hilo lilianzaje kukanushwa, na kwa juhudi za akina nani.

Mwaka 1896 daktari W. Pringle Morgan wa Seaford, kusini mwa Uingereza, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Mvulana huyo alikuwa mwerevu, hodari wa michezo, na hesabu hazikumtatiza. Alikuwa amefundishwa kusoma kwa miaka saba, na bado hata jina lake alilikosea kuliandika. Mwalimu wake alishuhudia kwamba lau masomo yote yangetolewa kwa mdomo, Percy angewapita wenzake wote shuleni. Macho yake yalikuwa mazima. Morgan aliiita hali hiyo upofu wa maneno, wa kuzaliwa nao. Hakuwa na dawa, lakini alitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: ugumu wa kusoma na upungufu wa akili.

Nchini Marekani, daktari Samuel Orton aliwachunguza watoto wa shule wa jimbo la Iowa, na mwaka 1925 akaeleza kwamba wengi walioshindwa kusoma walikuwa na akili timamu. Baadaye mwalimu Anna Gillingham, pamoja na mwenzake Bessie Stillman, waliligeuza wazo lake kuwa kazi ya darasani. Mtoto aliiona herufi, akaisikia sauti yake, akaitamka, na akaifuatisha kwa kidole, hatua kwa hatua bila kuharakishwa. Njia hiyo ingali ikitumika hadi leo, na hali yenyewe sasa huitwa disleksia.

Hata hivyo, waganga na walimu peke yao hawakutosha. Mwaka 1963 wazazi walikutana Chicago, wamechoka kuzungushwa kutoka ofisi hii hadi ile. Hapo Samuel Kirk akawapa jina moja la kuwaunganisha: ulemavu wa kujifunza. Kwa jina hilo wakaunda chama, na kwa chama wakapata sauti. Mwaka 1975 Marekani ikapitisha sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ifaayo bila malipo katika shule za umma, na watoto hao wakiwamo.

Huku kwetu Afrika Mashariki nako hatua zilipigwa. Kenya ilianzisha Taasisi ya Elimu Maalumu mwaka 1986 ili kuwaandaa walimu, na Tanzania imekuwa ikiwafundisha walimu wa elimu maalumu katika chuo cha Patandi, karibu na Arusha. Mwaka 1994, katika mkutano wa Salamanca, Uhispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote.

Lakini azimio halimfikii kijana aketiye nyuma ya darasa mpaka pawe na mtu wa kumtambua. Aidha, lugha zetu zaweza kulificha tatizo. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo; kwa hiyo mtoto mwenye shida hii huweza kusoma pasipo makosa mengi, ila polepole mno. Akifika sekondari akakutana na Kiingereza, ambacho maandishi yake hayafuati matamshi, ndipo huonekana ameanguka ghafula. Hajaanguka, mzigo ndio ulioongezeka.

Basi ninyi wadogo zetu, msimcheke mwenzenu asomapo. Msomeeni kwa sauti, naye awaeleze hesabu. Na wewe mwenye shida hiyo, mwambie mwalimu unayemwamini. Kutafuta msaada si aibu. Nasi wakubwa, tulio wazazi na wajumbe wa bodi za shule, tuulize kila mwaka: je, shule yetu ina mwalimu aliyesomea kazi hii? Kama hayupo, tuchange tumpeleke mmoja akasome. Wazazi wa Chicago hawakuanza na zaidi ya hapo. Penye nia pana njia.