PLAB: Mtihani wa vitendo kwa daktari anayetaka kutibu Uingereza

Daktari aliyesomea Burundi, anayewahudumia wagonjwa wa Muhuta au Rumonge kwa Kirundi na Kiswahili huku akijaza faili kwa Kifaransa, hawezi kutibu Uingereza kwa shahada yake pekee. Njia mojawapo ya kusajiliwa na Baraza Kuu la Madaktari la nchi hiyo, GMC, ni mtihani wa PLAB, wenye sehemu mbili. Kabla ya kuufanya, hana budi kuthibitisha ujuzi wake wa Kiingereza.

Sehemu ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu, kwa saa 3. Anayeifaulu hupewa miaka 2 kufaulu sehemu ya pili, inayofanyika Manchester. Huko hupitia vituo 16, dakika 8 kila kimoja. Kituoni aghalabu humkuta mwigizaji aliyejifanya mgonjwa au jamaa wa mgonjwa, na mtahini hutazama mambo matatu: kukusanya taarifa na kupima, kupanga matibabu, na namna ya kuzungumza na watu. Mfumo wa vituo ulibuniwa Dundee, Scotland, na Ronald Harden, aliyeueleza mwaka 1975.

Kusoma vitabu peke yake hakutoshi. Watahiniwa hujizoeza wawili wawili, kwa sauti, saa ikiwa mbele yao: kujitambulisha, kuomba idhini, kusikiliza hofu ya mgonjwa, kutoa habari mbaya. Aliyezoea kumtuliza mama kwa Kiswahili sharti ajifunze kumtuliza kwa Kiingereza, ndani ya dakika zizo hizo 8.