Kukaanga Bila Mafuta: Kuku wa Bahi na Kikaangio cha Hewa

Mwaka 2010, kampuni ya Philips ilipoonyesha Airfryer yake kwenye maonyesho ya IFA jijini Berlin, sifa iliyotangazwa ilikuwa kwamba eti chombo kinakaanga kwa mafuta kidogo mno. Wenzetu walishangaa. Sisi tuna haki ya kutoshangaa. Tunakaanga karanga, tunakaanga kahawa, tunakaanga mbegu za maboga, na tone la mafuta haligusi chungu. Kiswahili hakikuwahi kulifunga neno hilo kwenye mafuta.

Sasa kwa nini, hapa Bahi, kuku hakukaangwa hivyo tangu zamani?

Jibu analo kuku mwenyewe. Kuku wa Ugogoni hutembea kutwa akitafuta chakula, hukaa miezi mingi kabla ya kuliwa, na akinusurika kideri anakuwa mkavu, mwenye misuli, mafuta haba chini ya ngozi. Huyo humpeleki kwenye moto mkavu. Unamchemsha. Na kumchemsha kulikuwa na hesabu yake: hii ni nchi ya mvua za kusuasua, nchi iliyopitiwa na njaa ya Mtunya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Kuku mmoja mwenye mchuzi hulisha nyumba nzima kwa ugali wa uwele au mtama. Kuku mkavu hulisha watu kwa idadi ya vipande vyake tu.

Ukavu, basi, ulikuwa anasa, na ulipata nafasi yake njiani. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikikatiza bonde la Bahi kabla ya kupanda ukingo kuelekea Saranda na Manyoni. Abiria hawezi kushika bakuli la mchuzi dirishani. Anataka paja lililokauka, analoweza kulifunga kwenye karatasi. Baadaye alizeti ilienea Dodoma na Singida, na mafuta ya kukamuliwa hukuhuku yakapangwa kwenye madumu kando ya barabara. Kisha serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, wateja wa chipsi kuku waliongezeka, na chipsi kuku ina kuku wake: wa kisasa, wa wiki tano au sita, laini, mwenye mafuta.

Kikaangio cha hewa kilibuniwa, kwa kweli, kwa ajili ya huyo wa pili. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Hewa ya moto inazunguka, inafukuza unyevu kwenye ngozi, mafuta yaliyo chini yanayeyuka na kuikaanga ngozi kwa mafuta yake yenyewe. Mtie humo kuku wa kienyeji mbichi uone: ngozi itakauka kama karatasi na nyama itakuvunja taya.

Ila si kwamba hawapatani. Mchemshe kwanza kwa chumvi, tangawizi na ndimu mpaka uma uingie. Mtoe, mwache apoe na akauke kabisa (hapa ndipo wengi hukosa subira, na maji ni adui wa ukavu). Mpake kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, usirundike vipande, nyuzi 200, dakika 12 hadi 15, ukigeuza mara moja. Ngozi italia mdomoni.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na vyombo vya umeme vina nafasi humo. Nadhani vitaingia Bahi polepole, kwa wenye mishahara kwanza. Lakini sioni kikaangio kikiiondoa sufuria, maana chenyewe hakitoi supu. Ile uliyomchemshia kuku usiimwage: ikipoa iweke kwenye friji usiku, asubuhi ichemshe vizuri, watoto wanywe kabla ya kwenda shule.